Uzi wa Mguu wa Baba

Kasongo, tarehe 3 mwezi wa sita 1956

Mdogo wangu Heri,

Barua hii inakuja na Baba mwenyewe. Nimeishona ndani ya kofia yake ili asiisahau kwenye lori. Mkishampokea na kumpumzisha, uisome mara mbili. Nakujua, wewe ukisoma mara moja unasema umeelewa.

Baba amekaa nasi hospitalini wiki tisa. Ugonjwa wake ni wa moyo. Moyo umechoka kusukuma, maji yanabaki mwilini, ndiyo maana alikuja kwetu miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Sasa maji yametoka, amerudi kuwa yule Mzee Ramazani mwembamba tunayemjua, ananitania mbele ya wagonjwa wangu na mimi nimevaa koti jeupe. Lakini hajapona, Heri. Ugonjwa huu haumwachi mtu, unakaa naye tu nyumbani. Vidonge vidogo vyeupe atameza kimoja kila asubuhi, ila Jumapili hapana. Chumvi asile kabisa. Mama atalalamika, mwache alalamike.

Kazi kubwa kwako ni kujua lini mumrudishe huku. Kikohozi kidogo si sababu, na kuchoka si sababu, mzee wa umri wake lazima achoke. Mkimpandisha lori kwa kila kikohozi, zile siku mbili juu ya magunia ya pamba zitammaliza zenyewe. Mkichelewa nako, maji yatapanda mpaka kwenye mapafu, na hapo sisi tutabaki kumtazama. Nimefikiri sana, nikatafuta kitu kisichodanganya.

Ndani ya bahasha kuna uzi wenye fundo. Niliuzungusha kwenye mguu wa kushoto wa Baba, juu kidogo ya kifundo, siku alipokuwa mkavu. Kuanzia ncha mpaka kwenye fundo, huo ndio mguu wake bila maji. Mwenzake ninao hapa. Kila lori la barua linapokaribia, asubuhi kabla hajasimama, chukua uzi mwingine, uzungushe pale pale, ukate panapokutana, unitumie. Ukizidi vidole viwili nitakuandikia umlete. Usipozidi, mkae. Daktari amesema tufanye hivyo.

Msalimu Mama na shemeji Pascaline.

Kaka yako,
Fidèle


Lusangi, tarehe 20 mwezi wa sita 1956

Kaka Fidèle,

Salamu zetu zote zikufikie. Baba alifika Jumanne na vumbi lote la barabara usoni, akateremka mwenyewe bila kushikwa mkono. Mama alilia kidogo, kisha akamuuliza kama huko Kasongo hawana vinyozi.

Barua nimeisoma mara mbili. Ya pili niliisoma kwa sauti mbele ya Baba, kwa maana nyumbani kwetu barua haiingii wala haitoki mzee asipoisikia. Au umesahau? Hii nayo ataisikia kabla sijaifunga. Nilipofika pale pa mihogo alicheka mpaka akakohoa. Habari ya chumvi haikumchekesha.

Nilipoutoa uzi, Mama aliacha kusuka mkeka wake akaingia jikoni. Baba aliutazama mkononi mwangu, akauliza, "Ule uzi iko ya nini?" Nikamwambia ni kazi ya Fidèle, ni mambo ya lopitali. Akasema, "Fidèle ni mutoto ya Mapadri. Hana kosa." Mimi nimefanya ulivyoagiza, uzi uko humu.

Mzee Bulaimu, yule anayeosha maiti wetu na kuchimba makaburi, alipita kumpa pole. Baba akamwambia, "Bulaimu, usikae karibu sana, utazoea." Tulicheka wote isipokuwa Bulaimu.

Jambo moja amenituma nikuandikie, naliandika kwa maneno yake: "Ambia Fidèle, mie siende tena Kasongo. Nikikufia kule nitazikwa na batu basiojua hata jina ya mama yangu." Nimeliandika kwa kuwa yuko hapa ananitazama kalamu.

Tunapima pamba wiki ijayo. Mwaka huu si mbaya.

Mdogo wako,
Heri


Kasongo, tarehe 28 mwezi wa sita 1956

Mdogo wangu,

Uzi wako nimeulaza mezani kando ya wangu. Umezidi nusu ya kidole. Usiogope, huo ni uchovu wa safari. Endelea vivyo hivyo, na upime mahali pale pale, usipande juu wala kushuka.

Mwambie Baba hakuna anayemwita Kasongo. Akila bila chumvi na kumeza dawa, atakaa kwake miaka. Mimi nafurahi kwamba amefika mzima. Nilipomwona akipanda lile lori moyo wangu haukutulia, na mpaka jana nilikuwa silali vizuri.

Fidèle


Lusangi, tarehe 15 mwezi wa saba 1956

Kaka Fidèle,

Hapa tuko salama, na Baba yuko salama, anakusalimu. Dawa anameza. Chumvi halambi, ingawa Mama anamhurumia na mimi nalinda chungu kama askari.

Nina mambo matatu ya kukuuliza, nawe unijibu moja moja.

La kwanza, Baba amehamia kwenye kiti chake kirefu kile cha kuegemea. Anakaa humo mchana kutwa na kulala analala humo humo. Anasema kitanda kinamchosha mgongo, na kwamba akikaa kitini anawaona wageni kabla hawajamwona. Je, hilo ni kitu?

La pili, kikohozi kipo. Kinakuja akilala chini, akikaa kinaondoka. Wewe uliandika kikohozi si sababu, kwa hiyo nakutajia tu.

La tatu, viatu vile ulivyomnunulia amempa Pascaline aviweke. Anasema sasa yeye ni mtu wa nyumbani, hana safari, viatu vya nini. Anatembea pekupeku, tena si mbali, mpaka kwenye mlango wa jikoni na kurudi.

Uzi uko humu, ni wa jana asubuhi.

Kaka, lori la pamba litaendelea kupita mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Baada ya hapo hakuna lori jingine linalofika huku mpaka mavuno, na mvua zikianza, njia ya mto Luama unaijua. Mtu akitaka kwenda Kasongo wakati huo ni kubebwa kwa kipoyi, siku nne mabegani mwa watu. Ofisini Kabambare nimeshaulizia karatasi ya ruhusa ya kusafiri na mgonjwa, karani anasema anaitoa siku ile ile. Kwa hiyo mimi niko tayari. Neno lako tu ndilo linalongojwa. Ukisema nimlete, nitamleta, hata kama hatasema nami njia nzima.

Baba amesikiliza barua hii yote. Hapo kwenye karatasi ya ruhusa alikohoa akaniambia nimeandika sana.

Heri


Kasongo, tarehe 21 mwezi wa saba 1956

Mdogo wangu Heri,

Nakujibu kama ulivyotaka.

Kiti: wazee wengi hupenda kulala wamekaa. Kikohozi: tumeshalizungumza. Viatu: Baba hajawahi kupenda viatu, hata siku ya ubatizo wangu alikuja amevishika mkononi.

Ningekuwa na maneno hayo tu ningeshtuka, nakiri, hasa hilo la kiti. Lakini ni kwa ajili ya hofu kama hizo tulitafuta uzi. Na uzi wa safari hii ni sawa kabisa na ule wa kwanza ulionitumia, haukusogea hata unene wa ukucha. Mguu usipojaa, maji hayapo, na maji yasipokuwapo, kiti ni kiti tu. Daktari amesema tuendelee kuangalia mguu.

Najua unabeba mzigo peke yako huko. Mimi nawauguza watoto wa watu wengine wakati wewe unamuuguza baba yangu, na jambo hilo linaniumiza kuliko unavyodhani. Ningekuwa hapo ningemsikiliza kifua kwa sikio langu. Kwa kuwa sipo, tuamini kipimo.

Usimlete bado.

Fidèle


Lusangi, tarehe 12 mwezi wa nane 1956

Kaka,

Salamu. Tuko wazima.

Baba anasema nikuandikie kwa ufupi, barua ndefu zinamchosha kusikiliza. Hali yake ni ile ile. Chakula anaonja anarudisha sahani. Anatania kidogo kuliko zamani. Juzi Mama alimletea maji ya kunawa, Baba akamwita kwa jina la dada yake aliyekufa, kisha akasema alikuwa anamtania.

Tumekiweka kiti mlangoni, pana hewa. Mimi nalala kwenye mkeka karibu na miguu yake.

Wiki hii nilikusanya watu wanne wa kubeba kipoyi, kwa maneno tu, endapo utasema. Mmoja wao ni mtoto wa Bulaimu. Lori la mwisho ni tarehe thelathini. Nakukumbusha tarehe hiyo kwa sababu ninyi huko hamhesabu malori.

Uzi uko humu. Nisome vizuri, kaka.

Heri


Kasongo, tarehe 18 mwezi wa nane 1956

Heri mdogo wangu,

Leo nakuandikia kwa furaha. Uzi umepungua. Nimeulinganisha mara tatu, nikamwita na mwenzangu Pacifique wa chumba cha dawa aje aone: umepungua nusu kidole, sasa umefika kwenye fundo lenyewe. Maana yake dawa inafanya kazi na maji yanatoka. Kukosa hamu ya chakula kunaletwa na vidonge hivyo wakati mwingine. Mpunguzie, apewe siku moja, aruke siku moja.

Sasa naweza kukuambia kwamba wiki mbili zilizopita nilikuwa nimefunga nguo zangu nije mwenyewe, nikakosa ruhusa ya kazi. Uzi huu umenipa usingizi.

Liache lori lipite. Mgonjwa ambaye mguu wake unapungua hawekwi juu ya magunia. Mwambie Mama amchinjie kuku, mchuzi bila chumvi.

Fidèle


Lusangi, tarehe 4 mwezi wa tisa 1956

Shemeji Fidèle,

Ni mimi Pascaline, mke wa Heri. Ninaandika hivi nilivyofundishwa na Masista, unisamehe makosa. Barua hii haikusomwa mbele ya Baba. Tangu nimeolewa hapa ni barua ya kwanza kutoka kwa siri. Katekista wa kwetu, Moustapha aliyebatizwa Pierre, anakuja Kasongo na baiskeli, ameiweka ndani ya Biblia yake.

Shemeji, ule uzi si mguu wa Baba. Ni mguu wa Heri.

Uliondoka nyumbani una miaka kumi, Mapadri wakakulea, kwa hiyo sikulaumu. Lakini hapa kamba ya kumpima mtu ina siku moja tu. Bulaimu huja nayo mtu akishakata roho, anampima urefu wake kwa ajili ya sanda na kaburi. Ukimzungushia mtu hai uzi mwilini, umemwita Bulaimu kabla ya siku. Kule hospitalini Baba alivumilia kwa kuwa ni mambo ya wazungu. Hapa, mtoto wake mwenyewe, mbele ya mke wake? Siku ile uzi ulipotoka kwenye bahasha, Mama alikwenda kulia jikoni. Mimi nilikuwa naye. Alisema, "Fidèle anamupima baba yake. Anamupima mutu muzima."

Heri hakuweza kumfanyia baba yake hivyo, na hakuweza kukukatalia wewe kaka yake. Basi kila barua inapokaribia, anakwenda nyuma ya nyumba, anakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anazungusha uzi kwenye mguu wake. Nilimwambia anafanya vibaya. Alinijibu kwamba wewe ni msomi, maneno yatakutosha.

Ulifurahi uzi umepungua. Umepungua kwa sababu mume wangu amekonda. Halali, hali, anamwinua Baba na kumkalisha, anamwinua na kumkalisha.

Mguu wa Baba ukiubonyeza kwa kidole, shimo linabaki mpaka nimalize kufagia uwanja. Maji yamefika tumboni. Hajalala chini tangu mwezi wa saba. Midomo yake imekuwa ya rangi ya dongo la mtoni. Jana na juzi hakukojoa isipokuwa kidogo sana.

Barua yako ya kusema lori lipite tuliisoma mlangoni. Lori lilipita siku ya thelathini. Heri alisimama barabarani akalitazama mpaka likaisha.

Tuambie la kufanya.

Pascaline


Kasongo, tarehe 9 mwezi wa tisa 1956

Heri,

Katekista amenikuta kazini. Anarudi sasa hivi, ananisubiri mguu mmoja uko kwenye baiskeli, kwa hiyo sina nafasi ya kukukasirikia.

Mlete. Leo hii ukipata barua hii, si kesho. Kipoyi, wale watu wanne, na wengine wanne wa kupokezana. Asilazwe, akae, mfungieni mito na nguo nyuma ya mgongo. Maji ya kunywa kidogo tu. Kidonge kimoja kila siku kama mwanzo, sahau lile nililoandika la kuruka siku. Mama asije. Katikati ya safari akishindwa kupumua, msimamishe kipoyi, mshusheni miguu ining'inie, mfungueni nguo kifuani. Zaidi ya hapo sijui la kukuambia. Sindano inayotoa maji iko hapa kabatini, naiona kutoka nilipokaa, na siwezi kumpa mtu wa baiskeli kwa maana hakuna huko wa kuichoma.

Nitakuja kukutana nanyi Luama ng'ambo ya huku, hata kama nitaacha kazi. Kwa nini hukuniambia, Heri? Neno moja tu.

Fidèle


Lusangi, tarehe 25 mwezi wa tisa 1956

Kaka Fidèle,

Barua hii imesomwa mbele ya Mama peke yake.

Ulisimama ng'ambo ya pili ya Luama, nami nilikuona, ulikuwa umevaa koti lako jeupe. Nilikupungia mkono. Labda ulidhani nakuita. Mvua ya siku tatu ilikuwa imejaza mto, na wenye mitumbwi walikataa, nawe uliwasikia. Wakati huo Baba alikuwa bado. Nataka ulijue hilo vizuri: nilipokupungia mkono alikuwa bado anapumua. Nilimgeuza kitini ili akuone. Sijui kama alikuona, macho yake hayakuwa yakienda mbali.

Njiani aliniuliza, "Heri, tunaenda wapi?" Nikamwambia, kwa Fidèle. Akauliza, "Alisema nikuje?" Nikamjibu, ndiyo Baba, alisema. Wabebaji wakavuka kijito kizima. Kisha akasema, "Sasa sababu gani alikawia kusema?"

Jibu lilikuwa mguuni kwangu.

Alikwisha jioni ile ile, kabla mvua ya pili haijaanza, amekaa, kichwa chake begani mwangu. Tuliwasha moto kukuonyesha, lakini mvua iliuzima. Tulimgeuza tukarudi naye, siku nzima kutembea, watu wanane bila kupumzika. Amezikwa kwake. Waliomzika wote wanajua jina la mama yake.

Uliniuliza kwa nini sikukuambia. Nilikuambia. Niliweka kiti ndani ya barua, nikaweka viatu, nikaweka sahani inayorudi. Baba alikuwa akisikiliza kila neno na sikuweza kuandika "amevimba" mbele ya uso wake, wala sikuweza kumtishia kamba. Nilijiambia, Fidèle atayasoma maneno ataelewa, uzi atautupa. Wewe ukautazama uzi. Hata hivyo najua ni mimi niliyeutuma. Usiku na mchana najua.

Bulaimu alikuja na kamba yake, akampima, akaenda kuchimba. Nilimwomba aniachie kile kipande cha kamba kilichobaki. Alishangaa, akanipa. Sasa hakuna wa kunikataza tena, nikaketi chini, nikaizungusha kwenye mguu wa Baba. Mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, asubuhi, mahali pale pale, sikupanda juu wala kushuka. Nikakata panapokutana.

Iko humu. Hii ni ya kwake kweli.

Mdogo wako,
Heri


Kasongo, tarehe 8 mwezi wa kumi 1956

Mdogo wangu Heri,

Nilikuona ukinipungia mkono. Nilidhani unaniambia mmefika salama. Nilipunga na mimi, nikakaa chini kwenye nyasi kusubiri maji yashuke, nikala muhogo nilioubeba. Nilikuwa na furaha, naona haya kuliandika. Asubuhi niliangalia ng'ambo, nikaona majivu tu.

Sasa nisikilize, kwa maana katika barua zangu na mimi niliweka mguu usio wake.

Nilikuandikia mara mbili "daktari amesema". Daktari hakusema lolote juu ya uzi. Mwezi wa tano aliniambia wazi kwamba Baba asiende mbali na hospitali, kwamba maji yatarudi, na kwamba siku yatakaporudi zitakuwa saa za kuhesabu. Baba aliniomba nimwachie arudi nyumbani. Aliniomba kila siku, mbele ya wagonjwa, kama mtoto anavyoomba. Daktari alipokwenda vijijini kupima watu malale, mimi nilimtafutia nafasi kwenye lori. Aliporudi hakuuliza, nami sikumwambia. Tangu hapo barua zako zilipokuja sikuweza kumpelekea, angeniuliza kitu cha kwanza: nani alimruhusu?

Basi nikajitengenezea uzi, wazo langu mwenyewe. Niliogopa kusema mlete, na niliogopa kusema mbaki, nikatafuta kitu kingine kiseme badala yangu. Kila ulipoandika kiti, kifua changu kilishtuka. Kisha nautazama uzi, unasema hapana, nami nashukuru. Wewe ulimdanganya kaka aliyetaka kudanganywa, Heri. Kuandika kote kule kwa herufi nzuri, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuandika neno lenyewe.

Usijikondeshe tena. Kula. Mwambie Pascaline kwamba katika nyumba yetu yote ni yeye tu aliyeandika barua.

Kamba ya Bulaimu imenifikia. Niliificha siku nne bila kuigusa. Jana niliilaza mezani kando ya uzi wangu, ncha kwa ncha, nikahesabu kutoka kwenye fundo. Ni vidole vitano na nusu.

Mimi nakaa mlangoni pa chumba cha wanaume, kazi yangu ni kuamua nani anangoja nje na nani anaingia. Watu huletwa na ndugu zao, wanaogopa kama wewe, wanasema mambo ya kiti na ya viatu. Mgonjwa wa mtu mwingine akija na mguu kama huu, simuulizi chochote, Heri. Nampa kitanda kwanza, jina lake naandika baadaye.

Kaka yako,
Fidèle